Lenzi ndefu za zumu kwa picha za michezo na wanyamapori: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mifano mingi ya ukurasa huu ni ya viwanja na hifadhi za Tanzania na Kenya. Urefu wa lenzi unaotajwa (urefu wa fokasi kwa milimita, si urefu wa bomba lake) ni wa kamera za fulu fremu, zenye sensa ya mm 36 kwa 24, isipokuwa pale inaposemwa vingine.

## Mambo ya msingi

Zumu na lenzi ndefu ni kitu kimoja?

Hapana. Zumu ni lenzi yoyote ambayo urefu wake unabadilika unapozungusha pete. 16-35mm ni zumu, na haivuti hata twiga aliye ng'ambo ya barabara. Lenzi ndefu ni ile inayoona eneo jembamba na kulileta karibu. Kwa michezo na wanyama, zumu ndefu zinazotumika zaidi ziko makundi matatu: 70-200mm, 100-400mm, na kubwa za 150-600mm au 200-600mm. Pembeni yao kuna 70-300mm na 55-250mm, nyepesi na za bei nafuu, ambazo wengi huanzia hapo.

Milimita 400 zitanionyesha nini hasa?

Hesabu yake ni rahisi na itakuokoa fedha nyingi. Sensa ya fulu fremu ina upana wa mm 36. Gawanya 36 kwa urefu wa lenzi, kisha zidisha kwa umbali. Kwa 400mm na kitu kilicho mita 100, fremu itakuwa na upana wa mita 9 na kimo cha mita 6. Kwa 200mm ni mita 18 kwa 12. Kwa 600mm ni mita 6 kwa 4.

Sasa ipeleke uwanjani. Uwanja wa mpira wenye urefu wa mita 105, ukiketi nyuma ya mstari wa goli, duara la kati liko mita 52 hivi kutoka kwako. Kwa 200mm, kimo cha fremu pale ni zaidi ya mita 6, kwa hiyo mchezaji wa mita 1.8 hafikii hata theluthi. Kwa 400mm kimo ni mita 3 na kidogo, na mchezaji huyo huyo anachukua zaidi ya nusu ya fremu. Ndiyo maana 70-200mm inatosha kabisa kwa eneo la penalti lililo mbele yako, lakini haina cha kukupa mpira ukiwa nusu ya pili ya uwanja.

Kamera yangu ina sensa ndogo. Je, 300mm inakuwa 450mm?

Lenzi inabaki 300mm. Sensa ndogo inakata kingo za picha, kwa hiyo unachokiona kinalingana na kile ambacho 450mm ingekuonyesha kwenye fulu fremu. Kwa Nikon, Sony na Fujifilm zidisha kwa 1.5; kwa Canon zidisha kwa 1.6, kwa Micro Four Thirds zidisha kwa 2. Kwa ndege na wanyama walio mbali hii ni faida ya kweli. Gharama yake utaiona usiku: ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) ikipanda, sensa ndogo huanza kuweka chenga mapema zaidi.

f/2.8 na f/6.3 zinatofautiana nini zaidi ya bei?

Namba ya f ni upana wa tundu la lenzi: ikiwa ndogo, mwanga mwingi unaingia. Kutoka f/2.8 hadi f/5.6 ni stopu mbili, yaani mwanga unabaki robo. Mechi ya usiku inayokutaka kasi ya shata ya 1/1000 ya sekunde kwa f/2.8 na ISO 3200, ukiwa na lenzi ya f/5.6 itakutaka ISO 12800. Saa nne asubuhi Serengeti tofauti hiyo hutaihisi kabisa. Kwa hiyo anayepiga michezo ya usiku au ya ukumbini anahitaji f/2.8 kabla hajafikiria urefu. Anayepiga wanyama mchana anahitaji urefu kwanza.

Angalia pia kama lenzi imeandikwa namba moja au mbili. Iliyoandikwa f/5-6.3 hupunguza tundu kadiri unavyovuta, na ukifika 600mm uko f/6.3 utake usitake.

## Kuchagua na kununua

Nianze na ipi?

Kama lengo ni wanyama na bajeti ni ndogo: kamera ya sensa ndogo na 70-300mm au 55-250mm. Kwa simba, tembo na twiga kwenye hifadhi zenye magari yanayokaribia, hiyo inatosha. Kwa ndege haitoshi. Hatua inayofuata ni 100-400mm, ambayo kwa maoni yetu ndiyo zumu inayofaa watu wengi zaidi, kwa sababu unaweza kuibeba kutwa na kuishika kwa mikono.

Za 500mm na 600mm ni nzito. Sony 200-600mm ina uzito wa kilo 2.1, Nikon 200-500mm f/5.6 ina kilo 2.3, na Sigma 150-600mm Contemporary inakaribia kilo 2. Zote hizo zina mdomo wa mm 95. Ongeza kamera, na baada ya nusu saa ya kufuatilia ndege mkono wa kushoto huanza kutetemeka. Nunua ukiwa umepanga utaiegemeza wapi.

Kwa michezo, 70-200mm f/2.8 ndiyo ya kwanza. Ya pili ikinunuliwa, iwe 100-400mm ya mechi za mchana.

Nikinunua iliyotumika, nikague nini?

Nenda na kamera yako, tochi ndogo na kadi yako. Usikubali kukagua lenzi ikiwa juu ya kabati la kioo chini ya taa za duka.

Fungua tundu lote, washa tochi upande mmoja na uchungulie kutoka upande wa pili. Vumbi chache si tatizo. Nyuzi nyembamba zenye matawi ni kuvu. Iache, hata bei ikishushwa, kwa sababu kuvu hula mipako ya kioo na hakuna usafishaji utakaorudisha mipako hiyo. Lenzi zilizokaa Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar zikaguliwe mara mbili.

Kisha ivute hadi mwisho uisikilize: ikikwaruza, kuna mchanga ndani. Ielekeze chini, ikijifungua yenyewe haraka, imelegea. Bonyeza shata nusu: fokasi iende toka karibu hadi mbali bila kukwama, na kituliza mtikisiko kitoe mlio mdogo, picha kwenye kitundu cha kuchungulia itulie. Mwisho, piga picha tatu kwa urefu mfupi, wa kati na mrefu kabisa, uzikuze zote kwa asilimia 100 kwenye kompyuta, si kwenye kioo cha kamera. Upande mmoja wa fremu ukiwa mlaini na mwingine mkali, vioo vimehama. Mara nyingi ni kwa kudondoshwa.

Hakikisha pete ya kuifungia kwenye stendi ipo. Ikipotea, kupata nyingine inayolingana ni kazi.

Lenzi ya zamani itafanya kazi kwenye kamera yangu?

Lenzi za Canon EF, za DSLR (kamera zenye kioo cha kuakisi ndani), huvaa kamera za RF, zisizo na kioo hicho, kupitia adapta, na fokasi inafanya kazi vizuri. Kinyume chake hakiwezekani: lenzi ya RF haiingii kwenye DSLR.

Kwa Nikon kuna mtego. Lenzi za AF-D, kama 80-200mm f/2.8 ya zamani inayopatikana kwa bei nzuri, hazina mota ndani. Zinazungushwa na mota ya kamera. Kwenye D3500 au D5600, ambazo hazina mota hiyo, utazungusha fokasi kwa mkono. Na adapta ya FTZ, ya kuvalisha lenzi za DSLR kwenye kamera za Z zisizo na kioo, haiziendeshi. Kwenye D7200, D500 au D750 zinafanya kazi. Muuzaji akikwambia "inaingia", kuingia inaingia kweli. Muulize kama inafokasi.

Telekonveta ina maana yoyote kwenye zumu?

Telekonveta ni kipande chenye vioo kinachowekwa kati ya lenzi na kamera ili kuongeza urefu. Ya 1.4x inakula stopu moja, ya 2x inakula mbili. Lenzi ya f/2.8 inavumilia: 70-200mm yenye 1.4x inakuwa 98-280mm f/4, na picha bado ni nzuri. Lenzi ya f/6.3 yenye 1.4x inakuwa kama f/9, na DSLR nyingi huacha kufokasi zenyewe zikipita f/5.6, nyingine f/8 kwa nukta ya katikati tu. Kamera zisizo na kioo bado zitafokasi, ila polepole zaidi jioni. Kwenye zumu za 600mm, kata picha baadaye kwenye kompyuta. Matokeo yanakaribiana na unabaki na mwanga wako.

Niweke filta ya UV kulinda kioo?

Kofia ya lenzi inalinda vizuri zaidi, na haiharibu picha. Filta ya bei rahisi kwenye 400mm au zaidi hulainisha picha nzima kwa namna ambayo watu huilaumu lenzi. Pale tu vumbi au maji ya chumvi yanaporuka moja kwa moja, weka filta nzuri, kisha uivue.

## Mipangilio ya kamera

Kasi ya shata iwe ngapi?

Hapa ndipo picha nyingi hupotea. Anzia na hizi:

Mnyama aliyesimama au kulala, 1/500. Mpira wa miguu, riadha, kikapu, 1/1000 na kuendelea. Mpira ukiwa hewani baada ya teke unataka 1/2000. Wanyama wanaokimbia, 1/1600. Ndege wakubwa angani kama tai na korongo, 1/1600 hadi 1/2000. Ndege wadogo kama chozi na mdiria, 1/3200 ukiweza.

Ile kanuni ya zamani ya kwamba 1 gawanya kwa urefu wa lenzi inatosha, inahusu mtikisiko wa mkono wako peke yake. Haijui kwamba swala anaruka.

Kati ya picha yenye chenga na picha iliyotikisika, chagua chenga. Programu za leo zinaondoa chenga vizuri sana. Mguu uliofutika haurudi.

Modi ipi: M, A au S?

Modi ya M pamoja na Auto ISO. Unachagua shata na tundu, kamera inapandisha na kushusha ISO mnyama anapotoka juani kuingia kivulini. Weka kikomo cha juu cha ISO unachokivumilia, mathalani 12800 kwa fulu fremu na 6400 kwa sensa ndogo. Isipokuwa usiku uwanjani ambako mwanga haubadiliki: pale funga na ISO pia.

Fokasi yangu inachelewa. Nifanye nini?

Kwanza hakikisha uko kwenye fokasi endelevu: AF-C kwa Nikon, Sony na Fujifilm, AI Servo au Servo AF kwa Canon. Ukibaki kwenye AF-S au One Shot, kamera inafokasi mara moja na kusimama hapo, huku mchezaji akiendelea kukujia.

Pili, angalia swichi ya pembeni ya lenzi inayoweka mipaka ya fokasi. Ukiiweka upande wa mbali, lenzi haipotezi muda kutafuta kitu kilicho mita 3 mbele yako. Kumbuka kuirudisha mnyama akisogea karibu na gari, la sivyo itagoma.

Tatu, hamishia fokasi kwenye kitufe cha nyuma, AF-ON, na uiondoe kwenye shata. Kidole gumba kikibonyeza, kamera inafuatilia. Kikiachia, fokasi inabaki ilipo. Tawi likipita mbele ya chui, achia gumba na uendelee kupiga. Inachukua siku chache kuzoea.

Kamera zinazotambua jicho la mnyama au la ndege zimerahisisha mengi. Kwenye majani marefu bado hudanganyika. Rudi kwenye nukta moja uiweke usoni.

Kituliza mtikisiko nikiwashe wakati wote?

Kinatuliza mkono wako tu. Hakimsimamishi mchezaji. Kwenye swichi yake, nambari 1 ni ya kawaida, nambari 2 ni ya kufuatisha kitu kinachopita kwa mlalo. Kwenye Nikon tumia Sport. Kizime lenzi ikiwa imefungwa kwenye stendi imara ya miguu mitatu, hasa kama ni ya zamani. Juu ya mfuko wa maharage ndani ya gari, kiache kikiwa kimewashwa.

Nyati anatoka kijivu, yangeyange anatoka mweupe asiye na manyoya. Kwa nini?

Kamera inataka kila kitu kiwe cha wastani. Nyati akijaa kwenye fremu inadhani kuna giza, inamulika zaidi. Shusha fidia ya mwanga kwa -2/3. Yangeyange mweupe mbele ya matete meusi huungua, shusha -1. Ndege mbele ya anga jeupe hugeuka kivuli. Pandisha +1 hadi +1.7. Tanga jeupe la jahazi likijaza fremu kwenye mashindano ya Lamu hugeuka kijivu, kwa hiyo pandisha +2/3, kisha washa onyo la sehemu zilizoungua uone kama weupe bado una nyuzi.

Kamera inasimama katikati ya mfululizo. Imeharibika?

Bafa, hifadhi ya muda ndani ya kamera, imejaa. Kamera ya megapikseli 24 inayopiga picha 10 kwa sekunde inatengeneza takriban MB 250 za RAW (faili ghafi) kila sekunde, na kadi ya UHS-I haiwezi kupita karibu MB 100. Tumia UHS-II ya V60 au V90 kama kamera inaikubali, au piga JPEG kwenye michezo ambako gazeti linasubiri picha kabla ya mapumziko. Zaidi ya yote piga vifungu vifupi, picha nne au tano, kwa sababu nyumbu huruka mtoni mara nyingi na bafa iliyojaa hukukosesha ule mruko mzuri.

## Uwanjani

Nikae wapi kwenye mechi ya mpira?

Kwa 70-200mm, nyuma ya mstari wa goli, kati ya kibendera cha kona na boksi, upande ambao timu inayoshambulia zaidi inaelekea. Nyuso zinakujia. Ukikaa pembeni katikati ya uwanja utapata migongo na mabega. Keti au piga goti: lenzi ikiwa chini, wachezaji wanasimama juu ya mandhari ya majukwaa yaliyofifia badala ya nyasi. Kabla hujachagua upande, tazama pia kilicho nyuma. Mabango ya matangazo yenye rangi kali huvuta jicho kuliko mfungaji.

Stendi ya mguu mmoja inatosha. Ya miguu mitatu mara nyingi hairuhusiwi pembezoni mwa uwanja.

Rangi na mwanga vinabadilika picha hadi picha chini ya taa. Ni lenzi?

Ni umeme. Afrika Mashariki tunatumia hezi 50, na taa nyingi za zamani huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Ukipiga 1/1000, kila picha inanasa kipande tofauti cha mzunguko huo: moja ya manjano, nyingine nyeusi, nyingine sawa. Washa kipengele cha kuzuia kumeta kwa taa. Kamera itasubiri kilele cha mwanga, mfululizo utapungua kasi kidogo. Kama haina, piga nyingi uchague.

Ukiona mistari ya mlalo ndani ya picha moja, zima shata ya kielektroniki urudi kwenye ya mitambo. LED na shata ya kielektroniki mara nyingi hazipatani.

Nawezaje kuonyesha kasi ya gari la rali au mwanariadha?

Shusha shata na ufuatishe. Gari la Safari Rally pale Naivasha linaanzia 1/125. Mwendesha baiskeli 1/60. Mkimbiaji 1/30 hadi 1/60. Simama miguu ikielekea pale unapotaka kumpiga, geuza kiuno umpokee anapotokea, mfuate kwa mwendo wake, bonyeza, na usiache kufuata baada ya kubonyeza. Kituliza kiwe nambari 2. Picha nyingi zitaharibika, na ndivyo mbinu hii ilivyo.

Kwenye rali kaa upande upepo unakotoka, nyuma ya utepe, na kamwe usikae nje ya kona. Vumbi la gari la kwanza likitanda, gari la pili hutaweza kulipiga.

Nitaruhusiwa kuingia na lenzi kubwa jukwaani?

Mechi kubwa, kama za Uwanja wa Benjamin Mkapa au Kasarani, wapiga picha huingia kwa kitambulisho cha waandaaji, na mlangoni lenzi kubwa bila kitambulisho ina hatari ya kurudishwa. Omba siku kadhaa kabla. Kwa anayejifunza, ligi za mikoa, mashindano ya shule na mbio za barabarani ni mahali pazuri zaidi: unasogea unakotaka na mwanga ni wa mchana.

Kuna wavu au kioo mbele yangu.

Sogeza mdomo wa lenzi ugusane nao, fungua tundu lote, vuta hadi mwisho. Wavu ukiwa sentimita chache tu na mchezaji mita 30, nyuzi zinayeyuka. Jua likiupiga wavu huo, utabaki kama ukungu mweupe. Ukinge kwa kiganja.

## Hifadhini

Nitumie stendi gani ndani ya gari?

Usitumie ya miguu. Mfuko wa nguo nzito uliojazwa maharage au mchele, kilo 2 hadi 3, ukiulaza kwenye ukingo wa paa lililofunguliwa au dirishani, unashinda kila kitu. Safiri nao mtupu, nunua maharage sokoni Arusha au Narok. Mwombe dereva azime injini, na walio garini wasisogee kwa sekunde hizo. Mtu mmoja akiketi nyuma, fremu ya 600mm inahama yote.

Mbona picha za saa sita mchana hazina ukali hata nikitumia 1/2000?

Hewa. Ardhi ikipata joto, hewa iliyo juu yake inachemka na kupinda mwanga. Macho yako hayaoni vizuri, lakini lenzi ya 600mm inaikuza hewa hiyo pamoja na mnyama. Amboseli kwenye ziwa lililokauka, au nyanda za Ndutu, mnyama aliye mita 200 mchana anaweza kutokea kama amechorwa kwenye maji. Hakuna lenzi ya bei yoyote inayotibu hili.

Utaitambua hivi: piga picha kumi mfululizo za kitu kisichosogea. Zikitofautiana, moja kali kidogo, nyingine imepinda, nyingine ina kingo mbili, ni hewa.

Dawa ni umbali na saa. Toka mapema: kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa tatu asubuhi hewa imetulia, na mwanga ni mzuri pia. Mchana piga walio ndani ya mita 30 au 40 tu. Usipige juu ya boneti la gari lenye moto. Kama gari lina kiyoyozi na umefungua dirisha, hewa baridi na ya moto zinakutana mbele ya lenzi na kufanya vilevile. Kizime, na ufungue madirisha dakika chache kabla.

Je, nimwambie dereva asogee karibu zaidi?

Mnyama akibadilisha anachofanya kwa sababu yako, umeshakaribia mno: duma anayeacha kutazama swala na kukutazama wewe, tembo anayetandaza masikio. Serengeti na kreta ya Ngorongoro haziruhusu kutoka nje ya barabara, na Maasai Mara inataka magari yasizidi matano kwa mnyama mmoja. Dereva ndiye anayetozwa faini na anayeweza kupoteza leseni, kwa hiyo usimshinikize kwa ahadi ya bahashishi. Mweleze unataka jua liwe upande gani na umwache achague pa kusimama. Anaijua tabia ya mnyama yule kuliko wewe.

Siwapati ndege wanaoruka, wanatoka nje ya fremu.

Usianze na 600mm. Mtafute ndege ukiwa 200mm, mkamate kwenye fokasi, ndipo uvute. Macho yote mawili yawe wazi. Ndege akitua, subiri; tai wengi hujisaidia kabla ya kuruka, na ndege wengi huondoka wakielekea upepo unakotoka. Jiweke upande huo.

Kumbuka pia unene wa eneo lenye fokasi. Kwa 600mm, f/6.3, mita 10, ni kama sentimita 10 tu. Ndege atakuwa na jicho kali na mkia uliofifia, nalo ni sawa. Jicho ndilo lisilosamehewa.

Nasafiri kwa ndege ndogo. Uzito itakuwaje?

Ndege nyingi zinazoenda viwanja vya hifadhi huruhusu kilo 15 kwa abiria, mizigo yote pamoja, kwa begi laini. Kamera, 100-400mm, betri na kompyuta zinafika kilo 5 au 6 upesi. Uliza kabla kama unaweza kulipia kilo za ziada, na lenzi usiiache kwenye mzigo wa chini.

## Picha haina ukali: kosa liko wapi?

Nitajuaje kama ni mimi, fokasi, hewa au lenzi?

Ikuze kwa asilimia 100 uisome.

Kila kitu kimevutwa upande mmoja, hata mawe: umetikisika. Mawe makali lakini miguu ya mnyama imefutika: shata ndogo. Majani ya mbele au ya nyuma ni makali, uso mlaini: fokasi imekosea. Kingo zinacheza picha hadi picha: hewa, kama ilivyoelezwa kwenye swali la saa sita mchana.

Lenzi ndiyo ya mwisho kushtakiwa. Ipime asubuhi na mapema: bandika ukurasa wa gazeti ukutani, mita 10 hadi 15, kamera kwenye stendi imara, kituliza kimezimwa, shata ya kuchelewesha. Kwenye DSLR piga kwa kitundu cha kuchungulia, kisha kwa kioo cha nyuma. Kioo cha nyuma kikishinda kila mara, fokasi inaangukia mbele au nyuma. Rekebisha kwenye menyu ya kamera. Kwa zumu za Sigma na Tamron zenye kifaa chao cha USB unaweza kurekebisha urefu mmoja mmoja, jambo muhimu kwa sababu kosa la 150mm mara nyingi silo la 600mm. Kamera zisizo na kioo hazina tatizo hili.

Zote mbili zikiwa laini, jaribu f/8. Zumu nyingi za bei ya kati huamka hapo, au ukirudi kidogo, 500mm badala ya 600mm.

## Utunzaji

Vumbi la Tsavo na Amboseli nilizuieje?

Usibadilishe lenzi ndani ya gari linalotembea. Bora kamera mbili. Zumu inayorefuka unapoivuta hunyonya hewa na vumbi lake, kwa hiyo ipulizie na kuifuta shingo kabla ya kuirudisha. Gari likiwa barabarani, ifunike kwa kanga. Jioni: pampu ya hewa kwanza, kisha brashi, kitambaa mwisho kabisa. Ukianza na kitambaa unasugua mchanga kwenye kioo.

Mvua ikinikuta, nifunike kwa mfuko wa plastiki?

Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Rwanda tangu 2008, Kenya tangu Agosti 2017 na Tanzania Bara tangu Juni 2019, na Kenya imezuia plastiki zote za kutumika mara moja ndani ya hifadhi tangu Juni 2020. Nunua koti la mvua la lenzi, au shona la turubai jepesi lenye kamba mbili.

Naishi pwani. Kuvu nitaiepukaje?

Kuvu hupenda giza, joto na unyevu uliopita asilimia 60 hivi. Begi la kamera ndani ya kabati ndiyo nyumba yake. Weka lenzi kwenye sanduku la plastiki lenye mpira wa kuziba, pamoja na silika jeli na kipima unyevu kidogo. Lenga asilimia 40 hadi 50. Silika zikibadilika rangi, zikaushe kwenye oveni kwa nyuzi 110 hadi 120. Na itumie lenzi: jua na hewa ni tiba.

Ukitoka chumba chenye kiyoyozi, iache ndani ya begi lililofungwa nusu saa kabla ya kuifungua nje. La sivyo itatoka jasho, na jasho hilo huingia hadi ndani.

## Hali za pekee

Nimepiga faru. Naweza kuweka picha mtandaoni mara moja?

Ondoa kwanza data za mahali. Kamera nyingi huchukua GPS kutoka kwenye simu kupitia programu ya kuhamishia picha, na taarifa hiyo inabaki ndani ya faili. Izime kwenye mipangilio ya programu, hamisha faili bila data za mahali, na usitaje kona ya hifadhi, bwawa wala mlima unaoonekana nyuma. Majangili pia wana simu. Subiri siku kadhaa ndipo uiweke.

Nataka kuuza picha. Tiketi ya kawaida ya hifadhi inatosha?

Kwa mgeni anayepiga picha zake binafsi, ndiyo. Kazi ya biashara, tangazo au filamu ina kibali chake na ada zake, na mamlaka ni tofauti kwa kila hifadhi: TANAPA kwa hifadhi za taifa za Tanzania, Mamlaka ya Ngorongoro, KWS kwa hifadhi za taifa za Kenya, au serikali ya kaunti ya Narok kwa Maasai Mara. Andika barua mapema ukieleza idadi ya watu, vifaa na matumizi ya picha. Droni iombewe kibali chake peke yake. Ikikutwa kwenye begi bila kibali inaweza kuzuiliwa langoni.